Kidole cha Mama: Maisha ya Ekambara Aachari wa Sengalpakkam (1949–2023)

Ndugu, jamaa na majirani mliofika leo, siku ya kumi na sita ya msiba, karatasi mliyopewa mlangoni ina jambo moja ambalo hakuna kati yenu atakayeliamini. Aliyeiandika, naye ndiye anayeisoma, ni Masilamani, shemeji wa marehemu na mjomba wa watoto wake, mtu ambaye amekwisha kuwadanganya karibu nyote, kwa zamu, kuhusu uzito wa mawe aliyoyavuta. Kwa hiyo mkimtilia shaka hatanuna. Anachoomba ni kwamba asiondoke mtu kabla ya majani ya migomba kutandikwa na wali kupakuliwa, na kamati ya hekalu, iliyoketi safu ya mbele, isiondoke hata baada ya hapo.

Marehemu Ekambara Aachari alizaliwa hapa Sengalpakkam siku ya Alhamisi, tarehe 14 Aprili 1949, siku ya mwaka mpya wetu. Alikuwa mtoto wa tatu, na wa kiume wa kwanza, wa Kuppusami Aachari, mchonga mawe, na Bibi Nagammal. Wanawake waliomzalisha walisema kwamba alipotoka hakulia, mpaka baba yake alipogonga tindo huko uani, ndipo mtoto akajibu. Mwandishi hakuwapo, maana yeye mwenyewe alizaliwa miaka mitatu baadaye, lakini amelisimulia jambo hilo mara nyingi kiasi kwamba sasa analikumbuka vizuri.

Elimu yake ya darasani ilikomea darasa la tano, mwaka 1960. Mwalimu alimlalamikia baba yake kwamba mtoto hasomi kilichoandikwa kwenye kibao cha jiwe, bali anakigonga kwa ukucha na kukiweka sikioni. Baba akaona hiyo si kesi bali ni wito, akampeleka Kanchipuram kwa mzee Appavu, fundi aliyekuwa amebakiwa na meno manne na wanafunzi sita. Huko marehemu alikaa miaka kumi na mmoja. Mwaka wa kwanza alifagia vipande vya mawe, wa pili alinoa tindo za wenzake, na hakupewa jiwe mpaka alipoweza kusema kwa moyo beti zote za vipimo: kwamba uso wa sanamu ndio rula yake, kwamba mungu wa kike husimama nyuso tisa toka utosini hadi unyayoni, kwamba jicho lichukue umbo la samaki na nyusi umbo la upinde. Akafundishwa pia kusikiliza. Jiwe la kiume hulia kama kengele kubwa, la kike hulia kama upatu, na lisilo hili wala lile hulia kama mlango wa mbao, nalo ni la kutandika sakafu tu.

Mara moja kwa mwaka mzee Appavu aliwachukua wanafunzi hadi pwani kuona mahekalu yaliyochongwa ndani ya miamba. Aliwaonyesha mahali ambapo tindo ya fundi mmoja iliteleza miaka elfu moja na mia tatu iliyopita, na jinsi fundi yule alivyoligeuza kosa lake kuwa jani. Mwandishi huwa anasema kazi ile ni ya wafalme wa Chola. Marehemu alimrekebisha kila mara kwamba ni ya Pallava. Naye mwandishi alipelekwa kwa mzee Appavu, akadumu siku kumi na moja. Mzee alikiri kwamba katika umri wake wote hajaona mabega kama yale, akamshauri akayatumie kubebea mawe badala ya kuyaharibu. Ndivyo Masilamani alivyopata kazi yake ya uchukuzi, na hakuna jiwe kubwa la wilaya hii ambalo halijalala kwenye mkokoteni wake.

Tarehe 12 Septemba 1974 marehemu alifunga ndoa na Thaiyalnayaki, dada wa mwandishi. Kuna kisa cha siku alipokuja kumwona binti. Wazee walipokuwa wakiulizana habari za ukoo, yeye aliinama akagonga jiwe la kusagia lililokuwa karibu na mlango wa jiko, akasikiliza, akagonga tena. Kisha akasema kwa adabu zote kwamba jiwe lile ni la kiume, ndiyo maana chatini ya nyumba hii haiwi laini. Mama mkwe mtarajiwa akauliza, "Huyu amekuja kuoa au kukagua jiko?" Lakini Thaiyal, aliyekuwa nyuma ya pazia na ambaye mikono yake ilikuwa na malengelenge ya jiwe lile tangu akiwa na miaka tisa, alicheka kwa sauti, na posa ikapita hapo hapo. Zawadi ya kwanza aliyomletea mkewe ilikuwa jiwe jipya la kusagia. Bado liko jikoni, na chatini mtakayokula leo imesagwa juu yake. Picha ya harusi ilipigwa na Irudayam, mwenye studio pale stendi. Mkiitazama ukutani mtaona kwamba kati ya bwana na bibi harusi amesimama mtu wa tatu mwenye shati la maua, amewashika wote wawili mabega. Mwandishi amekuwa akipenda picha tangu ujana wake.

Kazi za marehemu ziko katika mahekalu kumi na saba, kutoka hapa hadi Tirunelveli. Alichonga nguzo, simba, wapiga ngoma, na kundi la tembo ambao watoto huwapa ndizi mpaka leo. Hamtaona jina lake popote, kwa kuwa fundi wetu haandiki jina kwenye mwili wa mungu. Mtaalamu mmoja wa makumbusho aliyekuja na daftari alimuuliza kama jambo hilo halimuumi. Marehemu alimjibu, "Mwanamke akizaa, humwandika mtoto jina lake kwenye paji la uso?" Mtaalamu akaandika jibu hilo na kusahau, inasemekana, kuandika ni nani aliyelitoa.

Sasa tufike kwa Mama. Wakubwa wote hapa wanajua habari zake nusu, na nusu hiyo ndiyo iliyomzika marehemu kabla ya kufa kwake.

Mwaka 1993 kamati ya kijiji ilimwomba achonge Amman mpya wa hekalu letu, mungu wetu wa kike tunayemwita Mama. Alizunguka machimbo miezi minane akigonga mawe, mpaka wachimbaji wakamwita daktari wa vifua. Alipolipata jiwe lenyewe alilipaka msandali, akakaa kulitazama tangu asubuhi hadi adhuhuri likikauka, maana pakibaki mahali penye unyevu ujue ndani pana ufa. Likakauka lote sawasawa. Mwandishi alilibeba hadi uani kwa marehemu, na kwa miaka minne majirani waliamka kwa sauti ya upatu. Mama alitoka nyuso tisa kamili, mkono wa kulia umeshika yungiyungi, wa kushoto umening'inia ubavuni kama mkia wa ng'ombe aliyetulia. Mkono huo wa kushoto ndio uliokuwa fahari yake. Kidole cha mwisho alikiachanisha kabisa na vingine, chembamba kama bamia changa, na mwanga ukapita kati. Mafundi walikuja kutoka mbali kutazama ule upenyo tu. Mmoja akamwambia, "Ekambara, umempa nafasi ya kukuvunja moyo." Marehemu akasema jiwe limesikilizwa, halina neno.

Jumapili, tarehe 1 Februari 1998, Mama alihamishwa kutoka uani kwa marehemu hadi hekaluni, siku nne kabla ya kufunguliwa macho, yaani kuchongwa mboni ili mungu aingie jiweni. Kwa heshima hakuvutwa na ng'ombe bali na watu, wanaume arobaini kwenye kamba mbili. Marehemu alikuwa ametangulia hekaluni kuandaa kiti chake. Aliyeachiwa msafara ni Masilamani. Kamati ilikuwa imemwahidi kwamba akimfikisha Mama salama atafungwa kilemba cha hariri mbele ya watu wote. Hakuna mtu wa ukoo wake aliyewahi kufungwa kilemba kile. Irudayam alikuwapo na kamera yake ya miguu mitatu, ameitwa na kamati.

Penye kona ya bwawa, wavutaji walipotulia kupumzika, fahali mweusi alichomoka uchochoroni. Wanaume wakatupa kamba na kukimbia. Mkokoteni ukayumba. Masilamani akaruka juu, akamkumbatia Mama asidondoke, na tusingekuwa na yeye siku ile, Mama mzima angelala mtaroni. Alipomwachia aliona kitu kimebaki kiganjani mwake. Kilikuwa kidole.

Watu walikuwa wakikung'uta vumbi na kutukanana, hakuna aliyeona. Alikificha kwenye pindo la shuka lake kiunoni. Walipofika, Mama akiwa amefunikwa nguo kama desturi inavyotaka, aliomba abaki peke yake ili azikague kamba. Alichanganya ulimbo na unga wa jiwe lile lile, kama alivyojifunza katika siku zake kumi na moja, akakirudisha kidole mahali pake. Mzee Appavu alimtukana bure. Kazi ile ilikuwa safi, mbele ya mafundi hamsini haikuonekana.

Hakumwambia mtu. Alijiambia kwamba barua za mwaliko zimekwisha kwenda, tembo amekodiwa, wapishi wamefika, na kwamba atamwambia shemeji yake wakitulia. Kumbe kimya nacho ni kama ulimbo, kikikauka hakibanduki. Alhamisi, tarehe 5, marehemu alioga, akafunga kwa siku nzima, akashika tindo ya dhahabu akamfungua Mama macho, kioo kikiwa mbele yake ili mtazamo wa kwanza uangukie hapo. Alifanya hivyo kwa imani kwamba mwili ule ni mzima. Masilamani alisimama nyuma yake na kilemba cha hariri kichwani. Kilikuwa chekundu.

Mama alikaa miaka mitatu na miezi mitano. Ijumaa, tarehe 27 Julai 2001, kuhani alipokuwa akimwogesha kwa maziwa na mafuta, kidole kilimdondokea mkononi, na kwenye kikonyo chake ulionekana ulimbo. Hapo kijiji kizima kikakumbuka jina la fundi. Kwa wazima mchongaji hana jina, kwa waliovunjika analo.

Kikao kilifanyika ukumbini siku ya Jumatatu. Walisema marehemu alikivunja mwenyewe kwa tindo, akakigundisha, akamfungua macho mungu kilema huku akijua. Kwa watu wetu hakuna wizi unaozidi huo. Marehemu alisimama katikati, hakupaza sauti. Alisema Mama alitoka uani kwake mzima. Kisha akageuka akamtazama mtu mmoja tu. "Shemeji, wewe ndiye uliyembeba. Waambie."

Dada yake Thaiyal alikuwa amesimama mlangoni pamoja na wanawake. Masilamani alikitazama kidole kilichowekwa kwenye jani la mgomba mezani, akasema, "Mimi nilibeba kilichopakiwa."

Maneno matatu. Mwandishi huyu amesema maneno mengi maishani, mengi yake ya bure, na angeyarudisha yote na kuwa bubu ili ayameze hayo matatu.

Mama alitolewa hekaluni, akafungwa kamba, akazamishwa bwawani kama sheria ya sanamu iliyovunjika. Kazi ya kumpeleka ilipewa mchukuzi yule yule. Marehemu alisimama ukingoni mpaka mapovu yakaisha. Kamati iliandika katika kitabu chake kwamba yeye na uzao wake wasiguse jiwe la hekalu lolote la vijiji vyetu, na habari zikasafiri mbali kuliko mawe. Mwanawe Sabapathi, aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wa baba yake, leo anabandika vigae vya bafu Coimbatore. Vizazi tisa vya wachongaji vimeishia kwenye bafu la mtu.

Kwa miaka ishirini na miwili marehemu alichonga mawe ya kusagia na vinu. Wanawake wa wilaya nzima watasema hayana mfano, kila moja limesikilizwa, kila moja ni la kike. Alipoulizwa habari za Amman alisema, "Hayo waulizeni waliokuwapo njiani." Mwezi uliofuata kikao, Irudayam alifunga studio yake akahamia kwa mwanawe, na alipokuja kuaga alimwachia marehemu bahasha. Marehemu aliiweka kwenye sanduku la tindo, chini kabisa, na hakumruhusu mtu kuifungua, hata mkewe.

Hakumfukuza shemeji yake. Wengi walidhani angemfukuza. Kila Ijumaa Masilamani alikuja, wakakaa barazani, Thaiyal akawaletea mtindi wenye chumvi na tangawizi. Na kila Ijumaa marehemu aliuliza swali lile lile: "Una neno, shemeji?" Masilamani alimpa habari za bei ya karanga, za mkwe wa fulani aliyetoroka na pikipiki, za jiwe la tani kumi alilolivuta peke yake. Marehemu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema, "Basi, hilo ndilo neno lako." Ijumaa za miaka ishirini na miwili, mwenye kalamu na ahesabu.

Mwaka 2016 alianza kukohoa, na hospitali ikamwambia kwamba mapafu yake yamejaa vumbi la mawe. Hakushangaa, alisema yamemrudia. Katika ukame wa mwaka 2019 bwawa lilikauka mpaka Mama akaonekana kuanzia mabega, macho yake wazi, yakitazama upande wa hekalu. Watu walipita njia ya mbali. Marehemu alishuka kwenye tope na fimbo yake, akamfuta uso kwa taulo lake la begani, akakaa naye hadi jua lilipokuwa kali mno. Masilamani alimwona kutoka barabarani. Hakushuka.

Mwezi wa Septemba mwaka huu hali yake ilizidi kuwa mbaya, akawa hawezi kulala chali. Alimwita mwandishi akamwambia, "Wasifu wangu uandike ningali nasikia. Nikishakufa utasema nilichonga Himalaya." Mwandishi aliandika kwa mwezi mzima, akachana, akaandika tena. Alipogundua kwamba mdomo umeshindwa kwa miaka yote ile, aliona afadhali karatasi iseme. Mlichosikia hadi hapa ndicho alichokwenda kumsomea siku ya Jumapili, tarehe 5 Novemba. Thaiyal aliketi miguuni pa mumewe, na msomaji alipofika penye kidole, dada alijitanda shela usoni na hakuitoa tena. Tangu siku hiyo hajamwita mwandishi kaka.

Marehemu alifariki dunia asubuhi ya Jumanne, tarehe 7 Novemba 2023, nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Alichomwa jioni hiyo hiyo, na kwa ombi lake mifupa yake ilitiwa katika bwawa letu, kwenye kona ile. Ameacha mjane, Thaiyalnayaki, binti, Ponni, na mumewe huko Vellore, mwana, Sabapathi, na mkewe, wajukuu wanne, mawe ya kusagia yasiyo na idadi katika majiko yenu, na Mama mmoja chini ya maji, asiye na kosa lolote zaidi ya kubebwa na mtu mbaya. Kamati inaombwa, mbele ya picha yake na taa hii, kufungua kitabu na kufuta jina lililoandikwa humo, na kama lazima jina libaki, waandike la Masilamani, nalo lina herufi za kutosha.

Ekambara Aachari apumzike mahali pasipo vumbi.

Limebaki lile jambo msiloweza kuliamini, nalo mwandishi hana budi kulisema kama lilivyotokea. Jumapili ile, mwandishi alipokwisha kusoma, marehemu aliomba aletewe sanduku la tindo, akaliweka mapajani, akasema, "Nisomee tena pale penye kona ya bwawa." Mwandishi alidhani mzee amependa pale, akapasoma kwa kupanogesha kidogo: kwamba fahali alikuwa mweusi kama sufuria, mrefu kupita ukuta wa hekalu, pembe zake upana wa mkokoteni mzima, moshi ukimtoka puani, na kwamba wanaume arobaini walikimbia wote, akabaki Masilamani peke yake, akamshika fahali kwa pembe moja na Mama kwa mkono wa—

"Hapakuwa na fahali, shemeji," alisema marehemu, bahasha ya Irudayam ikiwa wazi mkononi mwake, na juu yake picha ya mtu aliyemkumbatia Mama huku akiichekea kamera. "Palikuwa na mpiga picha."